Mita Zinazobaki: Njia za Ndege Kubwa Kwenye Viwanja Mbadala



Tarehe 18 Desemba 2013, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia aina ya Boeing 767-300, ikiwa na abiria zaidi ya 200, ilitua kwenye uwanja mdogo wa Arusha, pale Kisongo. Haikuwa safari yake. Ilikuwa imetoka Addis Ababa kwenda Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, ulio kilomita 50 hivi upande wa mashariki. Njia ya kurukia na kutua ya KIA ina urefu wa mita 3,607. Ya Arusha wakati ule ilikuwa na mita 1,620.

Taarifa za siku ile zilieleza kwamba ndege ndogo ilikuwa imekwama kwenye njia ya KIA, na ile kubwa ikawa inazunguka angani ikisubiri. Viwanja hivi viwili vyote vina njia inayolala mashariki na magharibi, na vyote viko chini ya mlima mkubwa. Marubani waliona lami mbele yao wakashuka. Ndege ikasimama kabla ya lami kwisha. Walipojaribu kuigeuza, magurudumu yalitoka kwenye lami yakazama kwenye nyasi. Abiria wakakaa ndani kwa muda mrefu, kwa sababu uwanja haukuwa na ngazi za kufikia mlango wa ndege ya kimo kile. Siku chache baadaye, ikiwa tupu na mafuta ya kuvuka tu hadi KIA, iliruka na kuondoka.

Hakuna aliyeumia, na kwa hiyo tukio likaingia kwenye mazungumzo ya mjini kama kisa cha kusimuliwa, kisha likasahaulika. Mimi nadhani lilistahili kufundishwa darasani, maana maswali yote ya mhadhara huu yamo ndani yake. Ikiwa ndege ya ukubwa ule iliweza kusimama ndani ya mita 1,620, kwa nini tunajenga njia za mita 3,000 na zaidi? Kwa nini haikuweza kugeuka? Kwa nini watu walishindwa kushuka? Na swali ambalo kwangu ni zito kuliko yote: imekuwaje ndege moja ndogo iliyokwama ifunge mlango wa uwanja wa kimataifa, wakati angani kuna watu mia mbili wanaohitaji pa kutua?

Nianze na kusimama.

Ndege inapogusa lami ina kazi moja, nayo ni kuiondoa nguvu yote ya mwendo iliyokuja nayo. Nguvu hiyo inategemea vitu viwili, uzito na kasi, lakini haviwi na athari sawa. Ukiongeza uzito mara mbili, nguvu inaongezeka mara mbili. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Dereva wa lori anayeshuka mteremko wa Kitonga na shehena analijua hili mwilini mwake hata kama hajawahi kuliandika kwenye karatasi: mzigo humtia wasiwasi, lakini kinachomtisha ni kuruhusu mwendo uanze kumzidi. Ndege kubwa ya abiria inatua kwa kasi ya kilomita 260 hivi kwa saa. Breki za magurudumu hufanya sehemu kubwa ya kazi. Vibao vya juu ya mabawa hunyanyuka ili kuua nguvu ya kunyanyua, na uzito wa ndege ukashuka kwenye matairi. Injini nazo hugeuza mkondo wake wa hewa uende mbele. Kila kitu kikiwa kizima, lami ikiwa kavu na rubani akigusa mahali panapotakiwa, ndege nyingi kubwa zinaweza kusimama ndani ya umbali unaomshangaza mtu wa kawaida. Ndiyo maana Arusha iliwezekana.

Lakini sheria za usafiri wa anga haziruhusu safari ipangwe kwa matumaini kwamba kila kitu kitakuwa kizima. Kabla ndege ya jeti ya abiria haijaondoka, hesabu lazima ionyeshe kwamba itaweza kusimama ndani ya asilimia 60 tu ya urefu uliopo kwenye uwanja inakokwenda, na vivyo hivyo kwenye uwanja mbadala wa safari hiyo. Kwa lugha nyingine, ndege ambayo katika majaribio ilisimama kwa mita 1,500 inahitaji njia ya mita 2,500. Lami ikitarajiwa kuwa na maji, huongezwa asilimia 15 nyingine, na sasa tunazungumzia mita 2,875. Ndege ikishakuwa angani hesabu hubadilika: rubani hupima hali halisi ya saa ile na kujiwekea akiba ya asilimia 15. Ikiwa ndege inaungua, anaruhusiwa kutua popote panapoweza kuokoa roho za watu.

Ile asilimia 40 inayoachwa ina kazi, ingawa asiyezoea anaweza kuiona kama anasa ya wahandisi. Angalieni ilivyotokea Toronto, Kanada, tarehe 2 Agosti 2005. Airbus A340 ya Air France, yenye watu 309, ilikuja kutua katikati ya mvua kubwa ya radi. Njia ilikuwa na mita 2,743, urefu wa kutosha kabisa kwa ndege ile. Lakini iligusa lami karibu mita 1,200 ndani ya njia. Kilichobaki mbele yake kilikuwa mita 1,500 na kidogo za lami iliyolowa. Ilipita mwisho wa njia, ikatumbukia kwenye bonde, ikawaka moto. Watu wote 309 walitoka wakiwa hai, jambo ambalo kila nikilifikiria namshukuru Mungu na kuwashukuru wahudumu wa ndege ile. Njia ilikuwa ndefu ya kutosha kwenye chati. Kwa ndege ile, dakika ile, haikuwa ndefu.

Hapo ndipo naomba tuweke akili jioni hii. Uwanja mbadala ni uwanja unaotumika siku mambo yameharibika. Ndege inayokwenda pale mara nyingi haiko katika hali ambayo vitabu viliipimia. Kwa hiyo urefu wa kuuliza ni ule unaobaki baada ya kutoa kila kilichopotea: injini iliyozimwa, breki iliyopungua nguvu, mvua, hewa nyembamba, uzito ambao haukupata muda wa kupungua.

Uzito huo ni mkubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Boeing 777-300ER inaruhusiwa kuruka ikiwa na tani 351, lakini uzito wake wa juu wa kutua ni tani 251. Tofauti ni tani 100, na karibu zote ni mafuta. Ikipata hitilafu saa moja baada ya kuruka, bado inayo sehemu kubwa ya mzigo huo. Ndege kubwa za masafa marefu kama hiyo zina mfumo wa kumwaga mafuta angani, lakini kumwaga kunachukua muda, na moto wa ndani ya ndege hausubiri. Rubani anaweza kulazimika kutua akiwa amezidi uzito, na anaruhusiwa kufanya hivyo. Njia ndiyo italipa deni.

Qantas ililipa deni hilo Singapore tarehe 4 Novemba 2010. Airbus A380 yao, yenye abiria 440 na wafanyakazi 29, ilikuwa dakika chache tu tangu iruke kuelekea Sydney. Injini ya pili ya upande wa kushoto ilipasuka juu ya kisiwa cha Batam, na vipande vikatoboa bawa na kukata nyaya na mabomba mengi. Nahodha Richard de Crespigny na wenzake walikaa angani karibu saa moja wakisoma orodha za hitilafu zilizokuwa zikijitokeza moja baada ya nyingine. Hawakuweza kumwaga mafuta, kwa hiyo walirudi wakiwa zaidi ya tani 40 juu ya uzito wa kutua. Walipoingiza hali ya ndege kwenye programu ya kukokotoa, jibu lilisema watasimama wakiwa na akiba ya mita 100 hivi. Njia ya uwanja wa Changi, Singapore, ina mita 4,000! Ndege kubwa kuliko zote za abiria duniani, kwenye mojawapo ya njia ndefu za Asia, na akiba ni mita 100. Ilitua kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, matairi manne yakapasuka, na ikasimama ikiwa imebakiza mita 150 hivi. Injini moja ilikataa kuzimika kwa zaidi ya saa 2, huku mafuta yakivuja karibu na breki za moto, na zimamoto wakiimwagia povu. Mtu akikuambia mita 4,000 ni nyingi mno, msimulie habari hii.

Na upo mfano mwingine, wa miaka tisa kabla, ambao mimi binafsi huuona mzito zaidi kwa sisi tunaoishi kando ya bahari. Tarehe 24 Agosti 2001, Airbus A330 ya kampuni ya Air Transat ilikuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon na watu 306. Bomba la mafuta lilivuja. Katikati ya Atlantiki injini moja ilizimika, kisha ya pili. Nahodha Robert Piché na rubani msaidizi Dirk de Jager waliielekeza ndege, sasa bila injini yoyote, kwenye uwanja wa Lajes katika kisiwa cha Terceira, visiwa vya Azores. Walielea hewani kwa dakika 19. Bila injini, sehemu ya mifumo ya kuongozea ndege ilikuwa imekufa, hivyo hawakuweza kushusha flapu, yaani vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoiwezesha ndege kuruka polepole. Iligusa lami kwa kasi ya kilomita 370 kwa saa badala ya 260. Pigeni hesabu ile ya mwanzo: kasi imezidi kwa asilimia 40 na kidogo, na nguvu ya mwendo imekuwa mara mbili. Hakuna injini ya kusaidia kusimamisha, na breki ni za dharura tu. Matairi yalipasuka, na ndege ikasimama baada ya kula mita 2,300 hivi kutoka mwanzo wa njia. Lajes ina zaidi ya mita 3,300. Laiti ingekuwa njia ya mita 2,000, ambayo kwa ndege nzima ya aina ile katika siku njema ingetosha, leo tungekuwa tunazungumza kitu kingine.

Lajes haikuwapo pale kwa bahati. Ni kambi ya kijeshi iliyojengwa kwa vita vya zamani, kisha ikawa kimbilio la ndege za abiria. Njia nyingi zinazookoa watu katikati ya bahari zina historia ya namna hiyo. Kisiwa cha Pasaka, katika Pasifiki, kiko zaidi ya kilomita 3,500 kutoka pwani ya Chile, na njia yake ya mita 3,318 ilirefushwa miaka ya 1980 kwa fedha za Marekani, kwa sababu NASA ilihitaji mahali pa dharura kwa chombo chake cha anga. Kwa kuwa kisiwa kina njia moja tu na hakuna uwanja mwingine wa karibu, waongoza ndege hawaruhusu ndege mbili zikikaribie kwa pamoja: ikishafika moja mahali ambapo haiwezi tena kurudi, nyingine haitakiwi kutua, isije ikaiziba njia. Watu wa kisiwa kile wamelielewa swali la KIA la mwaka 2013 vizuri kuliko sisi.

Umuhimu wa viwanja hivi uliongezeka ghafla miaka ya 1980. Kabla ya hapo, tangu 1953, kanuni ya Marekani iliizuia ndege ya injini mbili kwenda mbali zaidi ya dakika 60 kutoka kiwanja kinachofaa. Mwaka 1985 muda huo uliongezwa hadi dakika 120, na mwaka 1988 hadi 180. Mwaka 2014 Airbus A350 ilipata kibali cha dakika 370. Ndege za injini nne zikaanza kustaafu, na leo bahari karibu zote zinavukwa na ndege za injini mbili. Safari ya Kenya Airways ya Nairobi hadi New York bila kusimama, iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018, inaendeshwa na Boeing 787 yenye injini mbili. Kibali cha namna hiyo kinasimama juu ya nguzo mbili: injini zinazoaminika, na orodha ya viwanja vilivyo wazi, vyenye hali nzuri ya hewa na njia ya kutosha, kila mahali kwenye mstari wa safari. Nguzo ya pili ni ya serikali na mamlaka za viwanja. Kampuni ya ndege haiwezi kuijenga peke yake.

Sasa turudi nyumbani, na hapa ningeomba subira yenu kidogo kwa sababu kuna hesabu.

Hewa ya juu ni nyembamba. Ndege inayotua Nairobi, mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, inasoma kwenye kipimo chake kasi ileile ambayo ingesoma Mombasa, lakini ardhi inapita chini yake kwa kasi kubwa zaidi. Mchana wa nyuzi 25, tofauti hiyo ukilinganisha na usawa wa bahari katika hali ya hewa ya kawaida ya vitabuni ni karibu asilimia 12, na nguvu ya mwendo inayotakiwa kuuawa na breki inaongezeka kwa karibu robo. Wakati wa kuruka hali ni ngumu zaidi, maana injini nazo zinapumua hewa hiyohiyo nyembamba.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limewapa wahandisi kanuni nyepesi ya kuanzia: kwa kila mita 300 za mwinuko, ongeza asilimia 7 kwenye urefu wa njia. Nimeichukua kanuni hiyo nikaigeuza kinyume. Nimejiuliza: kila njia yetu ingekuwa sawa na mita ngapi kama ingehamishwa hadi ufukweni?

Jomo Kenyatta ya Nairobi ina mita 4,117, ndefu kuliko zote nilizozipima. Ukiitoa kwenye mwinuko wake inabaki na thamani ya mita 2,985 hivi. Kilimanjaro, iliyo mita 894 juu ya bahari, ina mita 3,607. Thamani yake ni mita 2,985 vilevile. Julius Nyerere ya Dar es Salaam ina mita 3,000 tu, lakini iko karibu na bahari, na thamani yake ni 2,960. Njia tatu ambazo kwenye chati zinatofautiana kwa zaidi ya kilomita moja, kwa ndege iliyobeba mzigo zinatofautiana kwa mita 25! Mombasa, yenye mita 3,350, inabaki na 3,300, na kwa kipimo hiki ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote nilizozipima. Zanzibar, iliyorefushwa hadi mita 3,022, inaishinda Nairobi. Entebbe inapata 2,880. Kigali, yenye mita 3,500 juu ya vilima, inashuka hadi 2,600. Na Eldoret, ambayo mtu akisoma mita zake 3,500 angeiweka mbele ya Mombasa, iko mita 2,150 juu ya bahari. Thamani yake ya pwani ni mita 2,330.

Wataalamu waliomo humu watanikumbusha, na watakuwa na haki, kwamba kanuni hii ni ya kukadiria urefu wa kuruka, kwamba kwa kutua nyongeza ni ndogo zaidi, na kwamba joto nalo lina asilimia yake. Nimelipima joto pia: pwani kuna joto zaidi, lakini nyanda za juu nazo zinazidi joto linalotarajiwa kwa mwinuko wao, kwa hiyo mpangilio haubadiliki sana. Kila ndege ina majedwali yake, na rubani atatumia hayo. Lakini kwa mpangaji, kwa mbunge anayepitisha bajeti, kwa mwandishi wa habari anayeandika kwamba kiwanja fulani kina njia ndefu kuliko kingine, hesabu hii inatosha kuonyesha kwamba tarakimu ya urefu peke yake inadanganya. Waliopanga uwanja wa Msalato, Dodoma, kwenye nyanda za zaidi ya mita 1,000, uwe na njia ya mita 3,600, walijua wanachofanya, na wanaolalamika kwamba ni ndefu kupita kiasi wangefanya vyema kuipiga hesabu hii wenyewe.

Nimezungumza sana juu ya urefu. Yapo mengine nitakayoyapita haraka, ingawa kwa abiria aliyekwama yana uzito uleule.

Lami lazima iweze kubeba. Kila njia ina namba ya uimara, na kila ndege ina namba yake. Ndege ikizidi, lami inaweza kupasuka hata kama urefu unatosha. Mwisho wa njia panahitajika nafasi ya kugeuzia ndege yenye magurudumu yaliyo mbali na pua, la sivyo yanatokea yale ya Arusha. Baada ya mwisho wa njia panahitajika eneo la usalama. ICAO inapendekeza mita 240 kwa njia kubwa. Kisha kuna kuondoka. Tarehe 1 Februari 2017, Boeing 777 ya shirika la Swiss iliyokuwa ikitoka Zurich kwenda Los Angeles ilizima injini moja ikatua Iqaluit, kaskazini mwa Kanada, kwenye njia ya mita 2,623. Kutua kulikwenda salama. Lakini abiria zaidi ya 200 walilazimika kuchukuliwa na ndege nyingine, na injini mpya ilibidi iletwe kwa ndege ya mizigo na kufungwa nje kwenye baridi kali. Kiwanja mbadala kinaweza kumpokea mgeni na kisiweze kumsindikiza.

Na kuna zimamoto. Kwa kiwanja mbadala cha safari ndefu za ndege za injini mbili, kiwango cha chini kinachokubalika ni daraja la 4 la uzimamoto, wakati ndege yenyewe kwenye uwanja wake wa kawaida ingedai daraja la 8 au la 9. Yaani tumekubali, kama dunia, kwamba siku ya shida zimamoto watakuwa wachache. Sipendi kulipitisha jambo hili kimya. Tuliona Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja, na wavuvi wakawa wa kwanza kuwafikia watu. Watu 19 kati ya 43 walikufa. Ile ilikuwa ndege ndogo ya ATR, na mhadhara wangu ni wa ndege kubwa. Lakini uwanja ambao hauna boti za uokoaji kwa ndege ndogo hauwezi kuwa nazo kwa ndege kubwa.

Halafu majanga ya uwanja wenyewe. Tarehe 7 Agosti 2013, moto uliteketeza jengo la abiria wa kimataifa la Jomo Kenyatta. Njia ya kurukia haikuguswa. Mita zote 4,117 zilikuwepo, kavu, nzima, na ndege zikageuzwa kwenda Mombasa, Eldoret na kwingineko, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuwapokea watu. Siku ile viwanja vyetu vya pili viliibeba kanda nzima, na vilibeba vizuri. Naamini hatukuvishukuru inavyostahili.

Hii inanirudisha kwenye swali nililosema ni zito kuliko yote. Vingi vya viwanja vyetu vikubwa vina njia ndefu moja moja. Dar es Salaam ina njia ya pili ya mita 1,000, Mombasa ya mita 1,260. Hizo ni za ndege ndogo. KIA ina moja. Nairobi ina moja, na mazungumzo ya kuongeza ya pili yamedumu miaka mingi. Mpango wa kampuni ya Adani ya India, uliojumuisha njia hiyo, ulifutwa Novemba 2024. Addis Ababa, jirani yetu, ina mbili ndefu zinazokwenda sambamba. Njia ikiwa moja, ndege ndogo iliyopasuka tairi ina uwezo uleule wa kufunga uwanja kama ndege ya tani 300. Na kwa kuwa Nairobi inaitegemea Mombasa na KIA, KIA inaitegemea Nairobi na Dar es Salaam, na Entebbe inaitegemea Nairobi, kufungwa kwa mmoja wetu kunapunguza usalama wa wote, hata wa ndege ambayo haikuwa na mpango wa kutua hapo. Mpaka wa nchi hauonekani kutoka futi 35,000.

Njia ya pili ya mita 3,000 na zaidi inagharimu fedha nyingi, na sitaki kusimama hapa nikawagawia mawaziri bajeti ambayo haipo. Lakini yapo mambo ya bei nafuu ambayo hayawezi kusubiri njia ya pili. Kila uwanja wa kimataifa uwe na vifaa vyake vya kuondoa ndege iliyokwama, na watu waliofanya mazoezi ya kuvitumia usiku na kwenye tope. Taa za njia na watabiri wa hali ya hewa wawepo saa 24 kwenye viwanja ambavyo kampuni za ndege zimeviandika kuwa mbadala, maana uwanja unaofungwa saa 4 usiku hauna msaada kwa ndege inayopita juu yake saa 9 alfajiri. Ngazi ndefu za abiria zisambazwe hadi kwenye viwanja vya daraja la chini. Gharama ya ngazi moja haiwezi kulinganishwa na ya abiria mia mbili waliofungiwa kwenye joto.

Jambo la mwisho nalipeleka kwa jina. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, ulioanzishwa mwaka 2007 na wenye makao yake Entebbe. Nawaomba, na nawaomba wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga za nchi wanachama, ukarabati wa njia kubwa upangwe kama jambo moja la kanda: Mombasa isichimbuliwe lami wiki ambayo KIA nayo imefungwa, na Dar es Salaam isizime taa zake kwa matengenezo usiku ambao Zanzibar haina zimamoto wa kutosha. Inahitaji kalenda moja, ofisa wa kuilinda, na wakuu wanaokubali kuahirisha kazi yao kwa ajili ya jirani. Ianze na viwanja sita: Nairobi, Mombasa, Kilimanjaro, Dar es Salaam, Zanzibar na Entebbe. Hilo linaweza kufanyika mwaka huu, kwa fedha zilizopo.